Mliofanya kazi Qatar kipindi cha Kombe la Dunia, njooni tupeane uzoefu

Mvuvi wa Likoni (mwanzisha uzi)
Hamjambo ndugu zangu. Juzi mtoto wa dada yangu kanijia mbio, simu mkononi. "Mjomba, nimepata kazi Saudia, wanajenga viwanja vya Kombe la Dunia la 2034." Ajenti anataka laki na nusu kufikia Ijumaa, za Kenya hizo, si za madafu. Dada ashaanza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe. Nikamwambia kijana ngoja kwanza, halafu nikashindwa nianzie wapi kumhadithia.

Mimi usiku wa fainali, 18 Desemba 2022, nilikuwa gadi ndani ya uwanja wa Lusail. Watu wakisikia hivyo hunipa mkono. Argentina na Ufaransa, 3-3, mpaka penalti. Mbappé alifunga matatu na mimi sikuona hata moja. Gadi anatazama watu, hatazami mpira. Ukigeuza shingo msimamizi anaandika namba yako, na mshahara wa siku hiyo umekwenda. Fainali nzima niliisoma kwenye nyuso. Kulikuwa na mzee mmoja wa Argentina anatafuna skafu yake. Akiitia mdomoni najua Mbappé ana mpira. Goli la pili la Messi nimeliona mwaka uliofuata, kwenye simu ya mtu, tuko ndani ya feri.

Mliokuwako andikeni. Kijana atausoma uzi huu wote, nimemwambia asilipe kitu kabla ya Alhamisi.

Kapuku Mtaratibu
Nimekaa paleee, nasubiri.

Mtu wa Kayole
Umenitonesha kidonda, ndugu. Mimi niliingia Doha Mei 2018. Nairobi niliambiwa riyali 1,500, saa nane za kazi, chakula juu yao. Kufika nikapewa karatasi nyingine: 1,200, saa kumi na mbili. Ile yangu ya Nairobi mtu wa ofisini aliitazama kama nimempa tiketi ya matatu. Ningesema nini? Pasipoti walishaichukua tangu uwanja wa ndege, eti ya usajili. Na nyumbani nadaiwa 120,000, nusu yake imetoka chama cha mama.

Kampi yetu ilikuwa Sanaiya, eneo la viwanda la Doha. Chumba kimoja watu kumi, vitanda vya ghorofa: Wakenya wanne, Mganda mmoja, Wanepali watano. Kunguni nawaacha, si wa kuhadithia. Wale Wanepali walikuwa wanafunga majukwaa ya vyuma kwenye ujenzi upande wa Al Wakrah. Wanaamka saa tisa usiku, saa kumi basi liko nje. Aliyelala chini yangu nilimwita Dai, kwao ndivyo unavyomwita kaka. Ovaroli yake jasho likikauka ilibaki na mistari myeupe ya chumvi, mmoja juu ya mwingine, kama ufuo maji yakikupwa. Kila jioni akiikung'uta mlangoni tunamwambia ilete jikoni tuungie mboga. Anacheka.

Sheria ya jua ilikuwepo. Katikati ya Juni mpaka mwisho wa Agosti, saa tano na nusu hadi saa tisa mchana, hakuna kazi nje. Sasa nani kawaambia jua la Doha linangoja saa tano na nusu? Mwaka 2021 ndipo wakaongeza, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu, Juni mosi mpaka Septemba 15. Dai wakati huo ameshaondoka.

Ilikuwa Julai. Alirudi, hakula, akasema kichwa kinamgonga. Tukampa panadoli, akalala. Saa tisa usiku mwenzake akamgusa mguu kumwamsha. Akamgusa tena. Mimi kilichoniamsha ni kimya, maana wale watano wakiamka huwa kuna kelele za sufuria.

Waliokuja waliuliza namba ya kitanda. Jina hawakuuliza. Baadaye ikaja karatasi imeandikwa kifo cha kawaida, moyo umesimama. Mtu wa miaka 29. Hakupasuliwa, wala hakuna aliyeuliza alishinda kwenye joto gani. Tulichanga, kila mtu riyali ishirini, tukazitia kwenye sufuria yake ya wali, ndugu yake mmoja wa kampi ya pili akaja kuzichukua. Siku ya tatu kitanda kikapata mtu mpya, kijana wa Bangladesh. Akainama, akauliza hizi ndala ni za nani. Hatukujibu. Akazivaa.

Ya mshahara nitaandika siku nyingine.

Chausiku
Pole sana kaka.

Kapuku Mtaratibu
Hizo ndala zimenimaliza.

Bodaboda Msomi
Waliokufa wakijenga vile viwanja ni 6,500. Imeandikwa, sibahatishi.

Mwalimu wa Zamu
Unabahatisha. Hiyo ni hesabu ya gazeti la The Guardian la Februari 2021: wafanyakazi wa India, Pakistan, Nepal, Bangladesh na Sri Lanka waliofia Qatar tangu ipewe mashindano Desemba 2010, kwa sababu zote, si viwanjani peke yake. Wakenya hata hawamo kwenye hesabu hiyo.

Bodaboda Msomi
Kwa hiyo unawatetea? Umelipwa ngapi?

Mwalimu wa Zamu
Ningelipwa ningekuwa nasahihisha madaftari kwa mshumaa? Soma vizuri. Waandaaji wenyewe walisema waliofariki miongoni mwa wajenzi wa viwanja ni 37, na kati yao watatu tu ndio kazi iliwaua. Halafu Novemba 2022 mkuu wao, Hassan Al-Thawadi, anaulizwa kwenye televisheni kuhusu kazi zote zilizohusiana na mashindano, anasema 400 mpaka 500. Hapo ndipo penye ujanja. Ukihesabu aliyeanguka kutoka juu ya jukwaa tu, Dai wa huyu ndugu wa Kayole hayumo. Kafia kitandani, kifo cha kawaida.

Bodaboda Msomi
Sawa mwalimu. Bado ni wengi.

Mzee wa Kaniki
Mnawatupia Waarabu lawama zote. Aliyekuuza ni ajenti wa hapo hapo kwenu, mweusi mwenzako, mmekula naye nyama choma. Jisemeni wenyewe.

Mtu wa Kayole
Mzee, ajenti alinilia 120,000. Saa nne za ziada kila siku kwa mwaka na miezi minane alizila nani? Pasipoti ilikuwa kwenye droo ya nani?

Mzee wa Kaniki
Ungekataa ukarudi.

Mtu wa Kayole
Kwa mguu?

Mvuvi wa Likoni
Jamani tusigombane. Mzee wa Kaniki, kabla ya mwisho wa Oktoba 2018 hata kutoka nchini wengi wetu tulihitaji ruhusa ya kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini. Hiyo "ungerudi" ilikuwa na sahihi ya mtu mwingine.

Fundi Zege
Na hapa nyumbani je? AFCON 2027 hiyo inakuja kwetu sote watatu, Kenya, Uganda na Tanzania, viwanja vinapanda. Mimi nimebeba zege kwenye miradi mikubwa miaka kumi na mbili, mkataba siujui rangi yake, kofia ngumu ninayo ya kununua mwenyewe. Uzi wa hilo nani atauanzisha?

Kapuku Mtaratibu
Anzisha wewe fundi, nitakuja kukaa paleee.

Baba Nasra
Mmeyataka wenyewe, ngoja nitoe yangu. Nilikuwa mfagizi kwenye maghorofa waliyofikia mashabiki. Miezi mitatu hakuna mshahara. Ukimwuliza mudiri, yaani meneja, anajibu bukra, kesho. Bukra ikavuka Septemba, ikavuka Oktoba. Nikapata kazi kwingine, maana tangu 2020 sheria inaruhusu kuhama bila karatasi ya ruhusa ya kafili. Mudiri kusikia, akanifungulia kesi ya kutoroka. Na mimi nimelala chumba namba 14 cha kampi yake mwenyewe!

Tarehe 6 Desemba Moroko kamtoa Hispania kwa penalti. Nikasema leo ndiyo leo. Begi la mgongoni, nguo mbili na Msahafu. Nafika Souq Waqif, jezi nyekundu mpaka basi, ngoma, moshi. Mara mbele naona askari wawili wanakagua bataka, kitambulisho cha kule. Yangu ikiguswa kwenye mashine tu, kwisha habari. Nageuka nyuma, watu wamejaa, hakupitiki. Askari mmoja kaniona...

Itaendelea.

Chausiku
Itaendelea?? Baba Nasra usituue kwa presha.

Bodaboda Msomi
Malizia mkuu, nimeshasimamisha abiria.

Mzee wa Kaniki
Hii chai. Lete na vitumbua.

Mtu wa Mbale
Mimi nilikuwa gadi kule, sisi tuliambiwa mkataba wa miezi sita, Kombe likaisha, Januari tukaambiwa kazi hakuna, fungeni mizigo. Wenzetu wakakodi mabasi waende ofisini kudai, polisi wakayazuia njiani. Kuna waliolala ndani, kisha ndege moja kwa moja...

Kapuku Mtaratibu
Pole ndugu wa Uganda. Baba Nasra yuko wapi?

Chausiku
Na mimi niseme basi, maana mnawahesabu wa viwanjani na wa maghorofa, sisi wa majumbani hamtutaji. Mwezi ule nyumba yangu ilipokea wageni wa mpira kumi na mmoja. Mechi ya usiku ikiisha ndiyo wanataka kula. Nilikuwa nalala saa kumi, naamka saa kumi na mbili kuandaa watoto. Simu nilipewa Ijumaa tu. Kima cha chini kikawekwa Machi 2021, riyali 1,000, na sisi wa ndani tumo kwenye sheria. Nikamwonyesha mama mwenye nyumba. Akasema vizuri, ila nguo ulizovaa nilikununulia mimi.

Baba Nasra
Haya, nimerudi, umeme ulikatika. Naendelea. Akatokea mama mmoja wa Kimoroko, rika la mama yangu, akanishika mkono, akaniuliza kwa nini nalia. Sikujua kama nalia. Kiarabu changu ni cha madrasa, nikamjibu "ya ummi, ana khaif", mama, naogopa. Alicheka mpaka akajipiga paja, nadhani nilisikika kama hotuba ya Ijumaa. Kisha akaacha kucheka. Akavua skafu yake akanivisha, mwanawe akanifunga bendera kichwani, wakaniweka katikati yao. Tukapita mbele ya wale askari tunaimba "dima Maghrib", Moroko daima. Mmoja alinipiga picha! Picha yangu iko kwenye simu ya askari wa Doha mpaka leo.

Bodaboda Msomi
Naachia abiria sasa.

Mzee wa Kaniki
Haya, ilikuwa na sukari ya kutosha. Mishahara ulilipwa?

Baba Nasra
Nilijificha kwa jamaa wa Pemba wiki tano. Mwishowe tukapatana: tiketi ya ndege na pasipoti yangu, nao wafute kesi. Miezi mitatu ile bado ni bukra.

Mwalimu wa Zamu
Kijana wa Likoni, kama unasoma: usimlipe ajenti. Anayepaswa kulipia ajira ni mwajiri.

Mtu wa Kayole
Mwalimu, bila kulipa haendi, hayo ni ya vitabuni. Ila apige picha kila karatasi, na ya pasipoti, amtumie mjomba. Na mkataba ausome Mombasa, asingoje kusomewa huko.

Bodaboda Msomi
Ajifunze maneno matatu: yalla (twende), bukra (kesho), mafi fulusi (hakuna pesa). Hiyo ndiyo semina nzima.

Mvuvi wa Likoni
Na asiandike mitandaoni akiwa huko. Mkenya mwenzetu Malcolm Bidali, gadi kama sisi, aliandika maisha ya kampi kwa jina la Noah. Mei 2021 wakamkamata, akafungiwa peke yake karibu mwezi, kisha faini ya riyali 25,000.

Chausiku
Mimi nasema aandike. Wasingeandika akina yeye leo tungejua nini?

Mvuvi wa Likoni
Dada, ni mtoto wa dada yangu.

Amesoma mpaka kwa Baba Nasra. Ameniuliza Saudia kuna Wamoroko. Sijui alikuwa anatania.

Kijana wa Temeke
Poleni sana wakuu kwa yaliyowakuta. Samahani, kama huyo dogo hataki hiyo nafasi, naomba namba ya ajenti. Nicheki pembeni.