Mdogo wangu anaendesha kamyo (lori) Marekani na permi (leseni) ya gari ndogo. Ni halali kweli?

Shofere wa Katuba
Jambo bandugu. Mimi ni shofere wa semi-remorke, barabara yangu Lubumbashi–Kasumbalesa. Mdogo wangu alikuwa konvwayeri (utingo) wangu miaka mitatu, sasa yuko Des Moines, Iowa, anagawa fanicha. Patroni kamkabidhi kamyo ya boksi, tairi sita, na mtoto ana permi ya kawaida tu! Nikampigia kelele kwenye simu. Akanitumia picha ya kibati cha mlangoni: GVWR 25,999 LB. Nani anatengeneza kamyo ya namba kama hiyo? Nimedhani kibati kimechezewa. Na Jumamosi patroni anataka afunge remorke (trela) nyuma. Mwenye kujua anisaidie.

Lushois wa Iowa
Yaya, kibati kizima. Huku mpaka ni ratili (hizo LB) 26,000, karibu kilo 11,793. Ikifika 26,001 wanadai permi ya kibiashara, ile CDL. Viwanda vinasimama chini kidogo makusudi, ili mnunuzi asihangaike kutafuta shofere mwenye CDL. Hiyo GVWR ni uzito wote mtengenezaji alioruhusu: gari, mzigo, shofere na chupa yake ya maji. Tairi na urefu wa boksi havihesabiwi.

Mama Ruashi
Na wakizidisha mzigo? Maana kibati husema lake na mzani wa barabarani lake 😂

Lushois wa Iowa
Mama, umegusa penyewe. Kati ya kibati na uzito halisi, wanachukua ulio mkubwa. Akipakiwa hadi 26,001, hapo hapo anatakiwa CDL, na kosa la kuzidisha mzigo liko palepale.
Yaya, remorke ndiyo ya kuogopa. Kibati chake kikiwa ratili 10,000 (kilo 4,536) au chini, aende. Kikizidi, jumlisha na cha kamyo; ikifika 26,001 ni CDL ya daraja A, ile ya kuvuta remorke nzito. Kwa kamyo yake hesabu imeshaisha kabla hujaanza. Hata pikapu inanasa: pikapu ya 14,000 na remorke ya 14,000 ni 28,000, daraja A, na mwenyewe anajiona anaendesha gari ya kwenda sokoni.

Shofere wa Katuba
Anasema patroni amemwambia remorke itaenda tupu.

Lushois wa Iowa
Tupu, imejaa, kibati ni kilekile.

Vié Kamalondo
Mwambie pia asikubali mzigo wowote tu. Sisi wa asidi ya Kolwezi tunajua zile alama za hatari zinazobandikwa ubavuni. Kule mzigo ukidai alama hizo, hata kwenye gari ndogo, ni CDL na kibali juu yake. Basi nayo, kuanzia viti 16 ukihesabu na cha shofere.

Shofere wa Katuba
Asante mzee. Na mimi je, nikienda na miaka yangu 12 ya usukani?

Lushois wa Iowa
Unaanza sifuri, yaya, usinikasirikie. Za nje wanazotambua ni za Canada na Mexico. Tangu tarehe 7/2/2022, anayetafuta daraja A au B (B ni kamyo nzito bila remorke nzito) mara ya kwanza lazima apite kwanza kwenye shule iliyosajiliwa. Permi ya kujifunzia ukae nayo angalau siku 14 ndipo upimwe barabarani. Chini ya miaka 21 huvuki jimbo na mzigo.
Na mdogo wako, kama patroni anamtuma Illinois au Nebraska, lazima awe na cheti cha daktari. Kamyo ya kazi inayovuka jimbo inakidai kuanzia ratili 10,001, CDL au bila CDL. Hiki wengi hawaambiwi siku ya kuandikwa kazi.

Mama Ruashi
Sasa hiyo remorke kibati chake kinasema ngapi? Tunabishana bure.

Shofere wa Katuba
Nimempigia. Kumbe hajawahi kuangalia! Amechuchumaa kwenye maegesho na tochi ya simu, anakifuta matope kwa kidole gumba. Namba ya kwanza ni 1, ya pili 2, zingine zimeliwa na kutu. Namba ziko tano.

Lushois wa Iowa
Basi Jumamosi alale.