MREJESHO: Nimemwambia binti yangu ukweli kuhusu Baba Krismasi

Wapendwa, mimi ndiye niliyeuliza nimjibu nini binti yangu wa miaka 7 anayetaka kujua kama Baba Krismasi yupo kweli. Asanteni sana kwa michango.

Nilifuata ushauri wa kuanza na Mtakatifu Nikolao, ambaye hadithi ya Baba Krismasi ilitokana naye: askofu wa Mira (Uturuki ya leo) katika karne ya 4, anayekumbukwa Desemba 6 na kusimuliwa kuwa alisaidia maskini kwa siri. Binti alinisikiliza kimya, anachezea kifungo cha gauni lake, kisha: "Kwa hiyo zawadi unaleta wewe, mama?" Nikakubali. Hakulia. Lililonitoa jasho ni lililofuata: "Na Yesu je, naye ni hadithi?" Mlionionya kwamba angeuliza hivyo, mlijua! Nikamjibu kwamba huyo hata mimi namwomba usiku, nikiwa peke yangu. Akaridhika, kwa sasa.

Nilipofeli: nilimsihi asimwambie mdogo wake. Kesho yake tu kamwaga yote, na mdogo akaninunia siku mbili. Ule ushauri wa kuwaachia nao watoe zawadi kwa siri ndio ulioniokoa. Jana nimekuta penseli iliyotafunwa chini ya mto wangu.