Naombeni ushauri wakuu: mke ananiita mkono wa birika, mimi naona nalinda akiba

Kibubu Kizito (mleta mada)
Wakuu, habari za muda huu. Naombeni ushauri bila matusi, maana usiku silali.

Huu ni mwaka wa sita naweka akiba kwa nidhamu. Mshahara ukiingia natenga akiba kwanza, kinachobaki ndicho kinachoendesha nyumba. Sinywi, sidaiwi na mtu, simu yangu ina ufa kwenye kioo tangu mwaka juzi na inapiga kama kawaida. Nidhamu hii nimejifunza kwa timu yangu. Mimi ni Arsenal. 2006 tulihama Highbury tukaingia Emirates, uwanja uliogharimu karibu paundi milioni 390, na kocha wetu Wenger akabana miaka yote ile klabu isiyumbe. Wenzetu walinunua kwa fujo, sisi tukawa tunalipa deni.

Sasa mke wangu anasema huu si uwekevu, ni ubahili. Wiki nzima hatuongei. Mtu akibana matumizi kwa ajili ya kesho ya familia yake, kosa lake liko wapi? Nifanyeje anielewe?

Namba Sita
Mkuu, na mimi ni Arsenal, ila Wenger usimwingize kwenye ugomvi wa chumbani. Ubanaji ule wa mwanzo ulikuwa na sababu, uwanja ulikuwa unadaiwa. Lakini kumbuka 2013 tulivyomtaka Suárez, mshambuliaji wa Liverpool, tukapeleka paundi milioni 40 na paundi moja. Paundi moja! Liverpool wakagoma. Kumbuka 2015, kiangazi kizima tukamsajili kipa Petr Čech, mchezaji mwingine wa kikosi cha kwanza hakuna hata mmoja. Msimu ule wakubwa wote waliteleza, ubingwa ukabaki mezani, wakauchukua Leicester, sisi wa pili. Benki fedha zilikuwepo. Tulikuwa tumezoea kubana, na aliyezoea kubana hajui siku ya kuachia. Inaniuma hadi leo.

Mama Wawili
Kaka Namba Sita, mwenzio kaleta ndoa wewe unamjibu usajili. Mleta mada, mwanamke hanuni wiki nzima kwa sababu ya ufa wa simu yako. Alikuomba nini ukamnyima?

Fundi Mstaafu
Mwanangu, akiba haiozi, shikilia hapo hapo. Mimi nilipata kiinua mgongo kizuri, nikanunua gari nisilolihitaji kwa sababu tu jirani alinunua. Mwaka wa pili nikaliuza kwa nusu ya bei, mwaka wa tatu nikawa naomba nauli kwa watoto. Kuomba nauli kwa mtoto uliyemsomesha, usiombe yakukute.

Kibubu Kizito
Shikamoo mzee wangu, ahsante, angalau yupo anayenielewa.
Dada Mama Wawili, hakuomba kitu kikubwa. Mambo ya kawaida ya nyumbani.

Mama Wawili
Kama si kikubwa, kitaje.

Kop wa Mbali
Wakati tunasubiri akitaje, niwape habari za watu wanaojua kutumia. Januari 2018 Liverpool yangu walimuuza kiungo wao Coutinho kwenda Barcelona, dili la zaidi ya paundi milioni 140. Mwezi huo huo akaingia Van Dijk kwa milioni 75, watu wakacheka, beki gani wa bei hiyo. Mei tukafungwa 3-1 na Real Madrid kwenye fainali ya Ulaya, kipa wetu akakosea mara mbili. Kiangazi akaja kipa mpya, Alisson. 2019 kombe la Ulaya, 2020 ligi tuliyoisubiri miaka 30. Hawakununua kila kilichong'aa. Walitazama panapovuja, wakapaziba kwa bei ya kweli. Mkuu, kwako panavuja wapi?

Namba Sita
Liverpool mmeshapata pa kujisifia.

Mama Wawili
Kibubu, bado tunakusubiri.

Kibubu Kizito
Sawa. Ni miwani ya mtoto.

Binti yetu ana miaka minane. Muhula uliopita mwalimu alituma ujumbe kwamba haoni vizuri ubaoni. Nikamwomba amhamishie dawati la mbele, akamhamisha, kwa hiyo msiseme nilipuuza. Mama yake anataka apimwe macho na anunuliwe miwani sasa hivi. Mimi nimesema tusubiri miezi mitatu.

Kabla hamjanirukia, kuna kiwanja. Nimeshalipa nusu. Nusu iliyobaki inatakiwa ndani ya miezi hiyo mitatu, na nikichelewa nilichotanguliza kinapotea, ndivyo tulivyoandikishana. Na kiwanja hicho ni cha nani kama si cha huyo huyo mtoto? Halafu tatizo si bei ya miwani. Mimi najijua. Nikivunja kibubu leo kwa jambo moja, kesho litakuja la pili, keshokutwa la tatu. Miaka sita, ukiacha kiwanja, sijagusa hata senti. Hiyo ndiyo nguvu yangu yote.

Mama Wawili
Mama yake anajua habari za kiwanja?

Kibubu Kizito
Nilitaka iwe zawadi.

Mama Wawili
Kaka yangu. Kwa hiyo yeye anaona mume ana fedha na mtoto haoni. Hajui kitu kingine. Ungekuwa wewe ungenuna wiki moja tu?

Elland Road Damu
Naingia kama shabiki wa Leeds, watu tuliokwisha kuungua. Mkuu, unajiita Arsenal lakini hapo wewe ni Leeds kabisa. Sisi tulikopa na kusajili tukihesabu fedha za Ligi ya Mabingwa ambazo hazijaingia. 2001 tulifika nusu fainali, tukaona mahesabu yetu yametimia. Msimu uliofuata hatukufuzu, na madeni hayakutusubiri. Akauzwa beki wetu Ferdinand, wakafuata wengine, 2004 tukashuka daraja, mwaka huo huo uwanja ukauzwa. 2007 tukajikuta daraja la tatu. Uwanja wetu tuliurudisha mikononi 2017.

Unajiona unabana, kumbe umeweka kila kitu kwenye dili moja lenye tarehe, bila chochote pembeni cha dharura. Mtoto akiugua mwezi ujao unatoa wapi? Huo ndio utumiaji wa fujo wenyewe, umevaa nguo za akiba tu.

Fundi Mstaafu
Hapo kwenye mtoto narudi nyuma, mwanangu. Sikujua ni macho. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pilato
Wadau, mbona mnaumia bure? Hii chai. Someni tena. Mwanzo kasema hadaiwi na mtu, sasa anadaiwa nusu ya kiwanja. Mwanzo mke haelewi akiba, sasa ni miwani, sasa ni zawadi ya siri. Kila akiulizwa anaongeza sehemu. Na mama gani asubiri tangu muhula uliopita bila kukopa kwa dada yake akamnunulia mtoto miwani? Mtu kakaa na simu yake ya ufa anatutungia hadithi.

Kop wa Mbali
Hata mimi ile ya kuandikishana kwamba hela inapotea imenitia shaka. Kibubu, hebu weka picha ya mkataba, majina yafiche.

Namba Sita
Nilihisi tangu mwanzo. Mtu wa Arsenal wa kweli haanzi na 2006, anaanza na mechi 49 bila kufungwa.

Dawati la Nyuma
Chai au si chai, mimi nimejisoma humu. Nilivaa miwani ya kwanza nikiwa na miaka 14. Nyumbani hatukuwa maskini, ila kila mwaka kulikuwa na jambo kubwa zaidi yangu. Daktari alisema jicho la kushoto lilikuwa baya kuliko la kulia, na ubongo ulikuwa umeshazoea kutumia la kulia peke yake. Miwani ikasaidia la kulia. La kushoto hata leo nikilitumia peke yake sisomi maandishi haya ninayowaandikia. Nilimsamehe baba yangu zamani. Jicho ndilo halikurudi. Kwa hiyo Pilato, hata kama katunga, acha uzi ubaki, kuna baba mwingine anasoma kimya.

Pilato
Pole sana kwa jicho, nasema kwa moyo. Ila kwa mleta mada sijabadilika.

Kibubu Kizito
Mkataba siweki, una jina la muuzaji na mimi sitaki kesi. Pilato, niliposema sidaiwi nilimaanisha sijakopa. Na mke wangu alitaka kweli kukopa kwa dada yake. Nilimkataza. Nilimwambia ananiaibisha kwa shemeji. Hilo sikulisema kwa sababu naliona aibu, si kwa sababu nalitunga.

Nimemaliza kusoma ya Dawati la Nyuma nikaenda kumwangalia binti anavyofanya kazi ya shule. Daftari kaliinua hadi linakaribia kugusa pua. Nikachukua daftari. Alinakili hesabu ubaoni, kila penye 8 kaandika 3. Majibu yake yote ni sahihi kwa hesabu alizoandika. Mwalimu kamwekea kosa zote. Nikamuuliza mbona hukusema huoni, akaniambia, "Baba, si ulisema nikikaa mbele nitaona?"

Kesho asubuhi nampeleka kupimwa, na fedha inatoka kwenye kibubu.

Mama Wawili
Mwende watatu. Na mkiwa njiani mwambie mama yake habari ya kiwanja, yote, na tarehe.

Elland Road Damu
Na mrudie muuzaji mapema, ukiwa bado na muda mkononi, uombe kusogezewa malipo. Sisi tulisubiri mpaka tukawa hatuna la kusema.

Kibubu Kizito
Nitamwambia mke wangu usiku huu. Muuzaji nitampigia. Lakini kiwanja bado nakitaka wakuu, siwafichi.

Mama Wawili
Kitake. Ila mkitake wawili.