Namtafuta mama yake bibi, Uluguru: nianzie wapi?

Binti wa Tabata
Wakuu, shikamooni. Natafuta asili ya mama yake bibi mzaa mama. Alikuwa Mluguru, mkulima upande wa Matombo, Mkatoliki, jina la ubatizo Maria. Bibi anakumbuka mambo matatu: mama yake alikuwa mwali wakati wa vita ya Mjerumani, mahari yake ililipwa kwa rupia, na alizaa watoto saba wakabaki wanne. Jina la baba yake hatuna. Nianzie RITA, kwa wasajili wa vizazi na vifo?

Mlima Mgeta
RITA usianzie, binti. Watoto wa vijijini enzi hizo karibu wote hawakuandikishwa serikalini, utamaliza nauli bure. Anza na lukolo, yaani ukoo. Mluguru huchukua ukoo kwa mama, kwa hiyo huyo Maria, bibi, mama yako na wewe ni ukoo mmoja. Muulize bibi jina la ukoo na ardhi yake iko mlima gani, kisha umwone mjomba mkubwa wa ukoo huo. Kumkosa baba yake kunauma, ila hakukuzuii. Wengi hukwama kwa sababu wanamfukuzia babu tu.

Kalamu ya Upanga
Tarehe tuibane. Vita ilianza 1914, Waingereza wakaingia Morogoro Agosti 1916. Mwali wa miaka 13 hadi 16 wakati huo alizaliwa takriban kati ya 1898 na 1903. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921, basi ndoa huenda ilikuwa kabla ya hapo. Rupia usiitegemee peke yake, maana wazee wengine waliendelea kuitaja hata baada ya pesa kubadilika.

Kitabu cha Parokia
Sasa vitabu vya ubatizo. Usimtafute Maria moja kwa moja. Wako kibao, utachanganya watu. Anza na ubatizo wa bibi, uwe na mwaka wa kukisia. Humo kwa kawaida kuna jina la mama, kijiji na msimamizi wa ubatizo. Watafute na ndugu zake sita kwa kijiji hicho hicho, ukisoma miaka mitano kabla na mitano baada. Wale watatu waliofariki waangalie kwenye kitabu cha vifo.

Vitabu ni vya Kilatini: *filia* ni binti, *nata* ni aliyezaliwa. *7bris* ni Septemba, si Julai, na *8bris* ni Oktoba. Hapo ndipo watu hukosea miezi miwili. Soma pembeni pia, maana kuanzia 1908 ndoa iliandikwa kando ya jina la mbatizwa, pamoja na mahali ilipofungwa. Majina yasome kwa sauti: padri mgeni aliandika alivyosikia, L ikawa R, W ikawa U. Nenda na barua ya paroko wako wa hapa Dar, na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha.

Binti wa Tabata
Asanteni sana. Na kama Maria alibatizwa akiwa mkubwa?

Kitabu cha Parokia
Basi tarehe utakayokuta ni ya ubatizo, si ya kuzaliwa. Umri wake padri alikisia kwa macho. Mpe nafasi ya miaka mitano huku na huku. Jina lake la kwanza, la nyumbani, huenda limeandikwa pamoja na Maria. Ukilikuta, hilo ndilo umpelekee mjomba.