Msaada: kupata majina ya safu kwenye faili za vekta bila kusoma data yote (Python)

ramani_kodi:
Wakuu, habari. Nina folda imejaa faili za vekta (data ya ramani ya nukta, mistari na poligoni), nyingi za muundo wa Shapefile, chache GeoPackage. Nataka majina ya safu za sifa tu. Natumia `geopandas.read_file(njia).columns`, ila faili ikiwa nzito memori yote inaliwa kwa ajili ya majina machache. Halafu "geometry" (safu ya maumbo ya ramani) nayo inajichomeka humo. Kuna njia nyepesi?

skima_kwanza:
Mkuu, usisome data, soma skima (orodha ya safu na aina zake) kwa maktaba ya pyogrio:

```
import pyogrio
pyogrio.read_info(njia)["fields"]
```

Hapo jiometri haimo. Kama una GeoPandas 1.0 au ya juu yake, pyogrio unayo tayari. Wanaotumia Fiona, maktaba nyingine ya kusoma faili hizi: fungua kwa `fiona.open(njia)`, kisha `list(f.schema["properties"])`.

mchora_poligoni:
Naongezea kwenye GeoPackage, maana watu wengi hunasa hapo. Faili moja hubeba tabaka kadhaa, na usipotaja unalolitaka utasoma moja tu. Zungusha hivi:

```
for jina, aina in pyogrio.list_layers(njia):
    sifa = pyogrio.read_info(njia, layer=jina)
    print(jina, list(sifa["fields"]))
```

ramani_kodi:
Imekubali, na ni chap kweli! Shukrani sana. Ila Shapefile moja inanipa `namba_ya_k` na `namba_ya_1`. Zilitakiwa ziwe namba_ya_kiwanja na namba_ya_kitalu. Nirekebishe wapi?

skima_kwanza:
Kodi yako haina shida. Sifa za Shapefile hukaa kwenye faili ya .dbf (jedwali lake), na humo jina la safu halivuki baiti 10. GDAL, maktaba inayosoma na kuandika faili hizi, ilipohifadhi ilikata jina la kwanza. La pili likagongana nalo, ndiyo maana likapachikwa _1. Hakuna maktaba itakayokurudishia herufi zilizokatwa. Tafuta faili ya awali; ikikosekana, tengeneza kamusi ya majina na utumie `rename(columns=...)`, kisha hifadhi kama GeoPackage. Tafadhali usibahatishe ipi ni kiwanja na ipi ni kitalu, linganisha kwanza thamani zenyewe. Ukikosea hapo, kila hesabu inayofuata itaharibika kimyakimya.

mchora_poligoni:
Na ukikutana na GeoJSON (faili ya ramani ya maandishi) usishangae ikichelewa. Haina skima mwanzoni, kila kipengele kinaweza kuwa na sifa zake, kwa hiyo GDAL hulazimika kuipitia yote.

ramani_kodi:
Nimeelewa. Namwomba aliyenitumia anipe GeoPackage ya awali, nitaleta mrejesho.