Kuchapa gurudumu la tarehe la NH35 (mashine ya saa ya mkononi ya Seiko) nyumbani

Swali: Wakuu, nimechapa tarehe zangu kwa stika ya maji (ile unayoiloweka kisha unaitelezesha mahali pake). Tarehe 1 inakaa katikati ya dirisha, lakini kufika 25 imehama. Tatizo ni printa?

Jibu: Hapana, ni pembe kati ya tarehe na tarehe. Ukiweka nyuzi 11.5 badala ya 360/31 (yaani 11.6129), ukimaliza duara umepoteza nyuzi 3.5. Skani gurudumu la zamani kwa dpi 1200, panga namba juu yake, kisha chapa kwa asilimia 100. Zima kabisa ile "rekebisha itoshe ukurasa", ndiyo mchawi wa wengi.

Jibu: Naongezea: wino wa maji (wa printa za inkjet) lazima upuliziwe vanishi kabla ya kulowekwa, la sivyo unachuruzika. Printa ya leza haina shida hiyo. Vanishi iwe nyembamba. Ikinenepa, gurudumu linasugua uso wa saa na tarehe inagoma usiku. Isiguse meno ya ndani. Asetoni usithubutu kwenye plastiki.

Swali: Nikitaka namba nyeupe?

Jibu: Printa ya kawaida haina wino mweupe, mkuu. Chapa mandharinyuma meusi, acha namba wazi, bandika juu ya gurudumu jeupe.