Watoto wanataka mbwa, wazazi wote tunafanya kazi: tuchukue au tuache?

Mama Wawili
Habari za humu wakuu. Naomba ushauri wa watu wanaojua kufuga, maana nyumbani kila mtu ana maoni na hakuna mwenye hoja. Tuko wanne: mimi, mume wangu, binti wa miaka 9 na mdogo wake wa miaka 4. Siku za kazi nyumba inabaki tupu kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Tunapewa bure mtoto wa mbwa wa wiki 5, na mwenye naye anataka jibu haraka. Binti ameapa kwamba kazi zote atafanya yeye. Ratiba yetu inaruhusu kweli? Na huyu wa miaka 4 atakuwa salama? Baba yao pia hupiga chafya akikaa karibu na paka, sijui kama na mbwa ni hivyo hivyo.

MkiaJuu
Wiki 5 ni mapema mno, dada. Mtoto wa mbwa anatakiwa akae na mama na ndugu zake angalau hadi wiki 8. Wiki hizo tatu zilizobaki ndizo anazojifunza kupunguza nguvu ya meno: akimng'ata ndugu yake kwa nguvu, mwenzake hulia na mchezo unakatika. Ukimtoa kabla, somo hilo litahamia kwenye mikono ya mwanao wa miaka 4. Mtu anayeharakisha kutoa watoto wa mbwa wakiwa na wiki 5 mara nyingi ni kwa sababu wameanza kula chakula na yeye hataki kuwalisha.

Sasa ratiba. Hesabu ya makadirio ya muda ambao mbwa mdogo anaweza kubana mkojo mchana ni umri wake kwa miezi, ongeza moja, upate saa. Wa miezi 2 ni kama saa 3. Ninyi mnamwacha saa 9. Atakojoa pale pale alipolala, na akizoea kulala kwenye mkojo anapoteza ile tabia ya asili ya kutochafua malazi yake, ambayo ndiyo mtaji wa mafunzo yote ya choo. Baada ya hapo mnaweza kuhangaika kwa miezi.

Kazi yenyewe ni hii: anatolewa nje akiamka tu, ndani ya nusu saa baada ya kula, baada ya kucheza, na kabla ya kulala. Usiku mara moja au mbili, wengi hadi wanapofika miezi 4 hivi. Akijisaidia mahali sahihi, asifiwe na apewe kipande kidogo cha chakula pale pale. Ukingoja mrudi ndani hajui unamlipa kwa lipi. Akikosea ndani, futa na unyamaze. Kumsugua pua kwenye mkojo kunamfundisha kitu kimoja tu, kujificha nyuma ya kochi akitaka kukojoa. Na chakula ni mara 4 kwa siku hadi miezi 3, mara 3 hadi miezi 6, kisha mara 2. Mlo wa mchana nani atampa?

Nungunungu
Kiapo cha mtoto wa miaka 9 kipokeeni kwa upendo, lakini msikipangie bajeti. Anaweza kubadilisha maji, kupiga brashi, kumfundisha kukaa chini. Hawezi kuzuia mbwa wa kilo 25 aliyeona paka, na hawezi kugundua kwamba mbwa hajala tangu jana kwa sababu ni mgonjwa. Mbwa wa kawaida huishi miaka 10 hadi 13, wadogo hufika hata 15. Binti huyo atakuwa ameondoka nyumbani na mbwa bado yupo.

Jaribio lisilo na gharama: kwa wiki tatu fanyeni kazi za mbwa bila mbwa. Mtu mzima mmoja atoke kutembea nusu saa alfajiri na nusu saa jioni, mvua inyeshe isinyeshe, na kila mkitaka kulala nje ya nyumba kwanza mpate mtu ambaye angemhudumia. Likiwashinda wiki ya pili, jibu mnalo.

Babu Lindo
Mnamtisha bure huyu mama. Mbwa ni mbwa. Amfunge mnyororo nyuma ya nyumba mchana, usiku amfungulie alinde. Ndivyo mbwa wanavyofugwa miaka yote.

MkiaJuu
Shikamoo mzee. Kwa nyumba yenye mtoto wa miaka 4, hapo ndipo ninapopinga kabisa. Mbwa aliyefungwa hana njia ya kukimbia, kwa hiyo kila kinachomkaribia kinamwachia njia moja tu, meno. Mtoto mdogo hajui mnyororo unafika wapi. Tena anayekaa amefungwa kutwa hubwekea kila kitu, na mbwa anayebwekea kila kitu hana faida ya ulinzi, maana wenye nyumba huacha kutoka kuangalia. Mlinzi mzuri ni yule anayewajua wa nyumbani na kushtuka kwa mgeni, na hilo halitokei akiishi mbali na watu.

Sindano
Niongeze upande wa afya, maana mbwa wa bure hana kitu cha bure zaidi ya siku ile unayomchukua.

Chanjo ya mseto (distempa, parvo yaani ugonjwa wa virusi unaoharisha damu, na homa ya ini ya mbwa) huanza wiki ya 6 hadi 8, inarudiwa kila wiki 2 hadi 4, na dozi ya mwisho ya utotoni iangukie wiki ya 16 au baada ya hapo. Watu wengi huchoma moja au mbili kisha wanashangaa mbwa anakufa kwa parvo akiwa na miezi 4. Sababu ni kwamba kinga aliyopewa na mama yake inaua nguvu ya chanjo, na kinga hiyo hupungua kwa siku tofauti kwa kila mbwa. Dozi zinarudiwa ili mojawapo ikute mlango umefunguka. Chanjo ya kichaa cha mbwa huchomwa wiki ya 12, hurudiwa baada ya mwaka, kisha kulingana na aina ya chanjo na sheria ya mahali ulipo. Kadi ya chanjo iwe na tarehe, jina la chanjo na saini. "Alishachomwa" ya mdomo ihesabu kama hajachomwa.

Kama kwenye uwanja huo kuliwahi kufa mbwa kwa kuhara damu, usilete mbwa asiyemaliza chanjo. Kirusi cha parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka. Sakafu ya saruji inasafishika: osha kwanza kwa sabuni, kisha dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji, iache dakika 10. Udongo hausafishiki kwa namna hiyo.

Minyoo: karibu watoto wote wa mbwa huzaliwa nayo au huipata kwenye maziwa ya mama. Dawa ni kila wiki 2 kuanzia wiki ya 2 ya umri hadi ya 8, kisha kila mwezi hadi miezi 6, na mbwa mkubwa kila miezi 3. Mpime uzito kila mara, kipimo cha mwezi uliopita hakimtoshi tena. Hili linawahusu watoto wako moja kwa moja, kwa sababu mayai ya minyoo hiyo yakimezwa na mtoto anayechezea udongo, mabuu husafiri hadi kwenye ini, mapafu, hata jicho. Habari njema ni kwamba kinyesi kibichi bado hakiambukizi minyoo hiyo, mayai huhitaji wiki 2 au zaidi kukomaa. Ukizoa kinyesi kila siku umekata mnyororo wenyewe.

Kupe: wale wa kahawia hutagia kwenye nyufa za ukuta na jike mmoja hutaga maelfu ya mayai. Unaowaona juu ya mbwa ni sehemu ndogo tu ya waliopo, ndiyo maana kumwogesha peke yake hakumalizi. Kagua masikio, kati ya vidole na chini ya kola, na ziba nyufa za banda. Usitumie dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukisia kipimo, imeua mbwa wengi.

Na akimng'ata mtu, hata kama ana chanjo: osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo.

Mama Wawili
Nimeelewa, huyu wa wiki 5 hatumchukui. Hapo kwa mtoto mdogo bado nina hofu. Na je, mbwa mkubwa aliyeachwa na mwenyewe anafaa?

Kidawa
Hofu yako ina msingi. Mbwa wanaong'ata watoto wadogo mara nyingi ni wale wanaowajua, na kwa kimo chao jeraha huwa usoni, kichwani au shingoni. Mara nyingi mbwa anakuwa anakula, amelala au amekumbatiwa.

Kwa hiyo sheria zinahusu hayo matatu. Mbwa ale peke yake, mlango umefungwa. Awe na malazi ambayo mtoto haruhusiwi kuingia hata kumfuata mpira. Kumkumbatia shingoni marufuku, amguse kifuani au ubavuni kwa mkono mmoja, kisha aache kidogo aone kama mbwa anasogea kutaka tena. Asiposogea, mchezo umeisha. Kusimamia maana yake mtu mzima anaweza kunyoosha mkono akawafikia wote wawili. Ukiwa jikoni na wao wako sebuleni, hapo hamna msimamizi, na kigeti cha mlangoni ndicho kifanye kazi hiyo.

Jifunzeni dalili zinazotangulia. Mbwa anageuza kichwa pembeni, analamba pua wakati hakuna chakula, anapiga mwayo na wala hana usingizi, weupe wa jicho unaonekana, mwili unakakamaa. Kunguruma huja baada ya zote hizo kupuuzwa. Mkia ukitikisika usijidanganye, mbwa mwenye wasiwasi naye hutikisa mkia. Na msimpige kwa kunguruma! Ukimwadhibu ataacha kunguruma, ila hasira iko pale pale, na siku nyingine ataruka hatua hiyo.

Sindano
Kuhusu chafya za mzee wa nyumba: mzio wa paka si lazima uwe wa mbwa, ingawa wengi wenye mmoja wana wote. Usidanganywe na "aina isiyoleta mzio". Kinacholeta shida ni protini za mate, magamba ya ngozi na mkojo, na mbwa asiyepukutisha manyoya anazo vilevile. Aende kukaa kwenye nyumba yenye mbwa saa moja au zaidi, mara kadhaa, siku tofauti. Kama ana pumu, aanze kwa daktari wake kabla ya majaribio.

MkiaJuu
Mbwa mkubwa ndiye ninayempendekeza kwenu, wa miaka 2 hadi 5. Kimo kinajulikana, tabia imeshajitokeza, meno ya utoto yameisha, na ile rika ya kati ya miezi 6 na 18 inayofanya wengi watupwe imepita. Ila saa 9 bado ni nyingi. Saa 4 hadi 6 peke yake ndiyo kawaida ya kuvumilika, kwa hiyo tafuteni mtu wa kumtoa mchana kwa dakika 20. Mkimkosa mtu huyo, ningengoja hadi ratiba ibadilike. Umri wa mdogo wenu nao utakuwa umesogea.

Babu Lindo
Mbwa mkubwa hasahau bwana wake wa kwanza.

Kidawa
Hana haja ya kumsahau, mzee wangu. Mbwa huzoea watu wapya katika umri wowote. Siku za mwanzo anaweza kula kidogo na kujificha, baada ya wiki tatu hivi anashika ratiba, na tabia yake halisi mnaiona karibu na mwezi wa tatu. Ndiyo maana kigeti kisiondolewe mapema kwa sababu tu "ametulia".

Mama Wawili
Shangazi yao anaishi karibu na amekubali zamu ya mchana. Tukienda kumwona mbwa, tuulize nini?

MkiaJuu
Ulizeni kwanza kwa nini anatolewa, kisha amewahi kuishi na watoto wa umri gani (siyo "anapenda watoto"), amewahi kumng'ata mtu na ilikuwaje, anafanya nini akiachwa peke yake. Kadi ya chanjo muione kwa macho. Kama ni jike, muulize amehasiwa au lini alikuwa kwenye joto (siku za kutaka dume), kwa sababu mimba ni siku 63 tu na tumbo halionekani mwanzoni.

Nendeni mara mbili, ya kwanza watu wazima peke yenu. Mwiteni mumtazame: anakuja, anasita, au anaganda? Mpeni kitu cha kutafuna, halafu mtupie kipande kitamu zaidi mkiwa mmesimama mbali. Akikakamaa juu ya kile cha kwanza na kuwakazia macho, kwa nyumba yenu huyo siye. Mara ya pili watoto waje wakae chini, kimya, mbwa awafuate mwenyewe.

Mkimchukua, ombeni chakula anachokula sasa cha kutosha wiki nzima. Siku 2 za kwanza changanya robo ya kipya, siku 2 nusu, siku 2 robo tatu, siku ya 7 kipya chote. Ukibadilisha ghafla ataharisha, na hamtajua kama ni chakula au ugonjwa.